Mteja Tusiyemjua

  



Juma hili tunazungumza juu ya jambo lililotufika sisi wenyewe, nalo lilituudhi kabla ya kutufundisha. Wengi wenu mnauza kwa simu: madera, mabuibui, udi, halua, mikeka, achari. Mnapiga picha, mnazitundika WhatsApp au Facebook, na baada ya saa moja anakuandikia mtu usiyemjua, hajapata kununua kwako hata pini, picha hana, na jina ni herufi mbili tu. Anataka mzigo, tena anautaka leo. Je, tumuuzie? Tukimuuzia, kwa sharti gani? Na tukikataa, je, tumejilinda au tumemdhulumu?

Mapema mwaka huu tulikuwa tunatafuta zawadi za watoto wetu wa madrasa waliohitimu juzuu. Tukaambiwa kuwa yuko mama mmoja Nakuru auzaye asali safi ya Baringo kwa njia ya simu. Tukaichukua nambari yake, tukamsalimu, tukaagiza mitungi 20 ya kilo moja moja. Bei ilikuwa shilingi 900 kwa mtungi, jumla 18,000. Tukamwambia kwamba tutalipa tukishaipokea Mombasa.

Jawabu lake lilikuja kwa adabu lakini halikuwa tulilolitaraji. Alisema: “Wa alaykumu salaam, Shekhe. Asali ipo. Lakini wewe ni mteja mgeni kwangu, na sharti langu kwa wageni wote ni hili: nusu ya bei kabla sijapakia, na nusu ya pili mzigo ukifika Mombasa, kabla karani wa basi hajakukabidhi.”

Tukamwandikia tena, safari hii kwa maneno marefu. Tukamweleza sisi ni nani, tunasomesha wapi, na kwamba amuulize mtu yeyote wa mtaa wetu. Naye akajibu: “Shekhe, niwie radhi. Aliyeniibia mwaka jana naye alianza kwa salamu.”

Hatutaficha: tuliudhika. Tuliiweka simu chini, tukamlalamikia Mama watoto kwamba heshima imekwisha duniani. Yeye akacheka, akasema: “Kwani ulitaka akione kilemba chako ndani ya simu?” Tukanyamaza, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Laini ile ilikuwa mpya, haina picha, haina jina. Kwa mama yule wa Nakuru sisi hatukuwa sheikh wala mwalimu. Tulikuwa nambari ya tarakimu kumi inayotaka asali ya shilingi 18,000 bila kutoa kitu. Tukatuma 9,000. Asali ikaja salama. Tukaikagua hapo hapo afisini mwa basi, tukatuma 9,000 nyingine, na watoto wakapata zawadi zao.

Aliyeanza kwa salamu

Miezi michache baadaye tulialikwa kwenye nikahi huko Nakuru. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Nakuru ni nyingine 160 hivi, juu ya Bonde la Ufa, katika mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Siku ya pili tuliomba tupelekwe kwa yule mama wa asali tumsalimu. Tulimkuta Bondeni, nyumbani kwa kaka yake, pamoja na wifi yake. Mitungi ilikuwa imepangwa ukutani, na juu ya meza kulikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu. Tukamwomba atusimulie kisa cha yule mwizi wa salamu, naye akakubali tukiandike ili wenzake wafaidike, mradi tusimtaje jina.

Alitueleza kwamba siku moja, kabla ya adhuhuri, alipata ujumbe kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa ustadhi wa msikiti mmoja wa Naivasha. Mtu huyo alisalimu salamu kamili, akaulizia afya, akamwombea dua. Kisha akasema kuwa msikiti una wageni, na anahitaji ndoo 2 za asali za kilo 15 kila moja. Kwa bei ya jumla ya shilingi 800 kwa kilo, hiyo ni 24,000. Akapiga simu mara tatu kuhimiza: wageni wako njiani, matatu inayoondoka sasa ndiyo ya kutumia, pesa ameshatuma.

Ujumbe wa malipo ulikuwa umeingia kweli. Ulikuwa na jina la mama huyu, kiasi cha fedha, tarehe, na hata mstari wa salio. Ila ulitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, si kwa M-Pesa yenyewe. Mwizi alikuwa ameuandika kwa mkono wake, akauiga ujumbe wa kweli neno kwa neno. Mama huyu, kwa haraka za matatu na kwa haya ya kumkagua mtu wa msikiti, hakuangalia salio lake. Akakimbia na ndoo hadi stegi. Jioni, alipotaka kumlipa mletaji wa asali kutoka Baringo, akakuta hakuna kilichoingia. Nambari ya ustadhi ilikuwa imezimwa, na mzigo umechukuliwa Naivasha tangu saa tisa.

Fedha zile hazikuwa zake. Zilikuwa mkopo wa chama cha akina mama wa mtaani, wenye watoto wao na karo zao. Hakuna mwanachama aliyemwambia kuwa amesamehewa, wala hakuomba. Alilipa shilingi 2,000 kila juma kwa majuma 12 mpaka deni likaisha. Katika majuma hayo, alisema, alikuwa akipika chai ya mkandaa asubuhi na kuwaambia watoto kwamba maziwa hayamkubali tumboni.

Tulijiona wadogo tuliposikia hayo. Sisi tulikasirika kwa kuombwa nusu ya bei, na mama yule alikuwa akikilinda kikombe cha maziwa cha wanawe.

Mama wa Gilgil

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Baada ya wizi ule, mama huyu aliapa kutomuuzia tena mtu asiyemjua. Mteja mgeni akiandika, humjibu kwamba asali imekwisha. Kwa miezi mitatu aliwauzia wateja wake wa zamani tu, nao ni wachache, na mmoja akihama au akinyamaza hapatikani wa kuziba nafasi yake. Biashara ikasinyaa.

Katika miezi hiyo, mwanamke mmoja wa Gilgil alimwandikia akitaka mitungi 2. Jina lililotokea lilikuwa la kabila jingine na dini nyingine. Akajibiwa kuwa asali imekwisha. Siku ya tatu mwanamke yule akapanda matatu hadi Nakuru, akaulizia mpaka akafika mlangoni, akaiona mitungi imejaa ukutani. Hakugomba. Alitoa pesa mkononi, akapewa mitungi yake, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Nilidhani hukutaka kuniuzia kwa sababu ya jina langu.”

Mama wa asali alituambia kuwa neno lile lilimuumiza kuliko zile 24,000. Ndugu msomaji wa pwani, huenda usilione uzito wake. Katika sehemu zile jina la mtu liliwahi kuwa jambo la uhai na mauti. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwishoni mwa Januari 2008, Nakuru na Naivasha zilishuhudia majirani wakiwafukuza majirani, nyumba zikichomwa, na watu wakiuawa kwa sababu ya kabila tu. Nchi nzima ilizika watu zaidi ya 1,000. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi, nao ndio wanaouziana na kununuliana kwa simu. Mtu anapokataliwa bila sababu katika ardhi hiyo, sababu huijaza mwenyewe.

“Nilimwogopa kwa kuwa simjui,” mama huyu alisema. “Lakini Shekhe, nikikwambia kweli, wateja wawili wageni wenye majina ya Kiislamu niliwauzia mwezi ule ule. Nilidhani nimefunga mlango kwa wote, kumbe nilikuwa naufungua kwa jina.” Na yule aliyemwibia alikuja na jina gani? La Kiislamu.

Tunaomba tulitafakari hili kwa utulivu. Mtu asiye na historia ya kununua kwetu ameacha pengo. Hatujui kitu juu yake. Nafsi ya mwanadamu haipendi pengo, hulijaza upesi kwa chochote kilicho karibu: salamu nzuri, kilemba, lafudhi ya nyumbani, kabila, picha ya mtoto aliyehifadhi juzuu. Vitu hivyo havisemi kama mtu hulipa. Ndivyo tunavyomkabidhi mali mwizi mwenye salamu na kumfukuza mwaminifu mwenye jina geni, katika mwezi mmoja na kwa mkono ule ule.

Maswali ya Sayyidna Umar

Imepokewa kwamba mtu mmoja alitoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), naye Umar akataka aletwe wa kumtambulisha. Akasimama mtu akasema kwamba anamjua, na kwamba ni mtu mwema. Umar akamuuliza kama ni jirani yake, anayejua kuingia kwake na kutoka kwake. Akasema la. Akamuuliza kama amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu, mambo yanayodhihirisha uchamungu wa mtu. Akasema la. Akamuuliza kama amesafiri naye, kwa kuwa safari hufichua tabia. Akasema la. Basi Umar akamwambia kuwa hamjui mtu huyo. Katika baadhi ya riwaya, alimwambia kwamba huenda amemwona tu akiinama na kuinuka msikitini.

Tazameni hekima ya kiongozi huyu. Hakusema kuwa yule mtu ni mwovu, wala hakusema kuwa ni mwema. Alisema tu kuwa hajulikani, nayo ni daraja ya peke yake. Asiyejulikana si mwizi na si mwaminifu bado. Akawekwa mahali pake mpaka apatikane wa kumjua kweli.

Hapo zamani mitaa yetu ilijibu maswali yale bila kuyauliza. Mwenye duka wa Mji wa Kale aliyekukopesha mchele na kuandika katika daftari lake alimjua baba yako, alijua unaswali wapi, na alijua mlango wa kugonga usipolipa. Biashara ya simu imeuondoa ujirani ule, na yako mema ndani yake: mama wa Bondeni anauza hadi Mombasa, na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, inamlipa kwa dakika moja. Lakini katika vile vipimo vya Umar, ujirani umeondoka na safari imeondoka. Kimebaki kimoja, kuamiliana kwa fedha, nacho hujengwa kidogo kidogo.

Deraya iliyowekwa rehani

Wako watakaosema, kama tulivyosema sisi, kwamba kumwekea Mwislamu sharti ni kumdhania vibaya, na Mwenyezi Mungu ametukataza dhana mbaya katika Surat al-Hujurat. Ni kweli tumekatazwa. Lakini sura hiyo hiyo, kabla ya katazo hilo, imetuamrisha tuhakikishe habari tunazoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia kuandika deni na kuweka mashahidi. Inayofuata inazungumzia rehani kwa aliye safarini asiyempata mwandishi. Mola wetu anawajua waja wake, na bado amewaamrisha waandikiane.

Bibi Aisha (R.A.) ametueleza, na Imam Bukhari ameipokea, kwamba Mtume (S.A.W.) alinunua chakula kwa mkopo kutoka kwa Myahudi na akamwekea rehani deraya yake ya chuma. Tena alipofariki dunia deraya ile ilikuwa bado iko rehani kwa ajili ya saa 30 za shayiri. Huyu ndiye ambaye hata makafiri wa Makka walimwita Al-Amin na kuweka amana zao kwake. Hakuona kuwa kumpa muuzaji dhamana ni kuvunjiwa heshima. Hakusema: hunijui mimi ni nani?

Basi nani kati yetu, awe sheikh au mtoto wa sheikh, atakayekasirika akiombwa nusu ya bei ya asali?

Hapo ndipo tulipomkuta mama wa Nakuru amefika kwa akili yake mwenyewe kabla ya kukutana nasi. Baada ya neno la mama wa Gilgil, alifungua ukurasa mpya katika lile daftari la buluu, akaandika sharti moja kwa kila mteja wa mara ya kwanza, awe nani awe nani: nusu kabla, nusu ukifika. Halitazami jina wala salamu. Kwa hiyo halimtukani mtu, kwa sababu halimhusu mtu. Linahusu mara ya kwanza. Hilo ndilo lililotupata sisi.

Tuliyoyaona yafaa

Kwa kumsikiliza yeye na wenzake wa chama, na kwa kurejea katika fiqhi yetu, tumekusanya haya machache.

Kwanza, tazama salio, usitazame ujumbe. Pesa ambayo haimo katika akaunti yako haijalipwa, hata kama umeletewa ujumbe, picha ya ujumbe, au kiapo. Fungua M-Pesa kwa mkono wako uangalie, nayo ni kazi ya nusu dakika. Anayekuhimiza usiangalie, au anayesema matatu inaondoka, mwache aondoke nayo.

Pili, sharti la mgeni liwe moja, liandikwe mapema, na litundikwe pamoja na picha za bidhaa. Lisitungwe baada ya kuliona jina. Uadilifu wake umo katika kuwa lilikuwapo kabla ya mteja kufika.

Tatu, mara ya kwanza iwe ndogo. Mteja mgeni anayetaka ndoo 2 mwambie aanze na mitungi 2. Mkweli hatadhurika kwa kungoja juma moja, na mwizi hana haja na mitungi 2. Akinunua mara tatu na kulipa, mwondolee sharti. Isiwe kwamba amelipa mwaka mzima na bado unamtendea kama wa jana.

Nne, andika. Daftari la shule latosha: jina, nambari, bidhaa, kiasi, bei, nani analipia usafiri, tarehe ya kutuma, na nini kitafanyika mzigo ukiwa na kasoro. Piga picha mzigo ukifungwa, na hifadhi stakabadhi ya basi. Lakini usimtake mgeni akutumie picha ya kitambulisho chake. Ni siri ya mtu, inaweza kuangukia mikono mibaya, na Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayolinda mambo kama hayo.

Tano, jihadharini na pesa “zilizotumwa kimakosa.” Mtu hukupigia akilia kwamba amekosea nambari, umrudishie upesi. Tazama salio kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoingia, na ukituma unatoa mali yako. Ikiwa kweli imeingia, basi ni amana, si haki yako kuitumia. Mwambie aupeleke ule ujumbe wa malipo kwa 456, ambako Safaricom hupokea maombi ya kurudishiwa, nawe uiache pesa pale pale. Na nambari ya tapeli unaweza kuiripoti bila malipo kwa 333.

Sita, ijulikane hukumu ya ile nusu ya kwanza. Ni sehemu ya bei, si mali ya bure ya muuzaji. Wako wanaochukua malipo ya awali, kisha mnunuzi akighairi, huyala yote. Hii ndiyo arubuni, na wanazuoni wa madhehebu matatu, wakiwamo wa kwetu wa Imam Shafi’i, wameikataza, ingawa Imam Ahmad ameiruhusu. Lililo salama kwa dini yetu ni kurudisha. Gharama ya gari iafikiwe mapema na iandikwe. Na kwa bidhaa isiyokuwapo bado, ambayo utaitafuta au utaishona, iko biashara ya salam: mnunuzi hulipa bei yote kwa ukamilifu pale pale mnapoafikiana, na bidhaa huelezwa kwa sifa zake, kipimo chake na siku yake ya kufika. Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakilipana mapema kwa matunda ya mwaka na miaka miwili, akawataka wafanye kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana.

Saba, akina mama, msiwape wageni njia ya nyumbani. Mzigo wa karibu ukabidhiwe mchana, mahali pa watu, kama dukani au afisini mwa matatu, nawe uwe na mwenzako. Mama wa Gilgil alifika mlangoni kwa wema. Si kila afikaye ni kama yeye.

Nane, ukiibiwa, usimwanike mtu katika makundi ya WhatsApp ukamwita mwizi kwa jina lililotokea kwenye simu. Laini nyingi za matapeli zimesajiliwa kwa majina ya watu wasio na habari, wengine wazee wa kijijini. Huo waweza kuwa uzushi mkubwa juu ya asiye na kosa. Nenda polisi, wizi uandikwe katika kitabu cha matukio, na uchukue nambari yake. Ipo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, na utapeli wa namna hii unaingia ndani yake. Wenzako waonye juu ya mbinu iliyotumika, hilo ni jema.

Na muuzaji pia hajulikani

Tusisahau upande wa pili. Mnunuzi anayetuma pesa kwa mama wa Bondeni naye hamjui. Anaona picha tu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimempa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo anayoyahitaji, na Uislamu ulimpa haki ya kuelezwa kasoro karne nyingi kabla. Basi picha iwe ya mzigo wako wenyewe, si ya kuazima. Asali iliyochanganywa na sukari isemwe. Dera lililofifia lielezwe limefifia. Mgeni wako akiona umemwambia kasoro kabla hajauliza, atajua zaidi juu yako kuliko kwa wapendaji 1,000 wa ukurasa wako. Na akilipa nusu, umtumie siku uliyosema, si siku utakayopata nafasi. Sharti linalombana mgeni peke yake, bila kumbana mwenye mali, si tahadhari tena, limekuwa kiburi.

Tunamaliza kwa yaliyotupata mara ya tatu. Tulipohitaji asali tena tuliagiza mitungi 6, tukatuma nusu kama desturi. Mara iliyofuata, ambayo ni ya tatu kwetu, tuliagiza 10. Kabla hatujatuma kitu, tukapata picha ya stakabadhi ya basi na maneno mafupi: “Imeshaondoka, Shekhe. Utalipa ukiipata.” Hatukumbuki kuombwa jina letu wala cheo chetu. Alikuwa amefungua daftari lake akakuta tumelipa mara mbili. Asali ilifika siku ya pili alasiri. Hatukuondoka pale afisini mwa basi mpaka tulipotuma shilingi 9,000 zake, tukaomba dua Mwenyezi Mungu ambariki na awape wanawe maziwa.

Tunamwomba Mola atujaalie tuwe wa kuaminika kwa wasiotujua, atukinge na hila za wenye hila, na atuepushe na kuwadhania watu vibaya kwa majina yao. Amin.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia mikopo ya vyama vya akina mama na haki ya mwenye kudai. Wabillahi tawfiq.